Mwezi wa Sita wa Pili

Hui-ju alianza kuvua foronya kabla mama mkwe wake hajamaliza kuchana nywele. Hakuwa na ubaya, ukimuuliza. Alikuwa mtu wa kuwahi mambo tu. Godoro alishalisimamisha ukutani, shuka zinazunguka kwenye mashine, na dirisha liko wazi kutoa harufu ya dawa ya kuchua. Bibi Kiok, mwenye miaka themanini na mmoja, alijisogeza na kioo chake cha mkononi hadi kwenye kona iliyobaki, akaendelea kuchana.

"Mama, ufunguo," Hui-ju alisema, mkono ameunyoosha.

"Uko juu ya friji. Nimeuweka tangu jana."

"Ah. Basi vizuri."

Sanduku la magurudumu lilikuwa mlangoni. Ndani mlikuwa na nguo nne za kiangazi, dawa za presha, picha ya marehemu mumewe iliyoviringishwa kwenye taulo, na mto. Vitanda na majiko alishakubali kuvizoea upya kila mwezi, lakini mto, hapana. Pale mtaani kwao, mtaa wa Wanhua, watu walikuwa na neno lao: mzee wa namna hiyo husemwa anazunguka mafiga. Mwezi huu anakula jikoni kwa mwana huyu, mwezi ujao kwa yule. Wala si aibu. Aibu ni kukosa figa la kuzungukia.

Utaratibu huo uliandikwa siku ya tatu baada ya mazishi ya mumewe. Aliyeuandika alikuwa kaka yake Bibi Kiok mwenyewe, maana kwao husema mbinguni yuko Mungu na duniani yuko mjomba, na la mjomba halina rufaa. Aliandika kwa brashi, mistari miwili tu: miezi ya witiri, mwana mkubwa; miezi ya shufwa, mdogo. Kwa hesabu ya mwezi wa angani, kama walivyohesabu wazee. Wana wote wawili wakapiga mihuri yao. Mjomba naye hakukaa, mwaka haukuisha akamfuata shemeji yake, akaacha karatasi bila mtu wa kuulizwa.

Kisha ukaja mwaka huu wenye mwezi wa nyongeza, ule unaoongezwa kila baada ya miaka michache kalenda isije ikaachwa na jua. Mwezi wa sita ukaisha, na badala ya wa saba, kalenda ikaleta mwezi wa sita mwingine.

Bibi Kiok alilijua hilo mapema kuliko wanawe, kwa sababu kule bustanini anakofanyia mazoezi asubuhi hakuna linalofichika. Mwezi wa nyongeza ukikaribia, binti aliyeolewa humpelekea mama yake tambi na mguu wa nguruwe, kumwongezea umri. Wiki nzima wazee wenzake walikuwa wakitambiana: wangu kaniletea juzi, wangu kaja na sufuria zima.

"Na wewe Kiok, usiye na binti, nani atakuongezea umri?"

"Umri ninao tele," aliwajibu. "Anayetaka kunisaidia aniletee pa kuuweka."

Walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Yeye hakucheka.

*

Wanawe walikuwa wakikabidhiana mama yao katika mkahawa wa vifuko vya mchuzi, vile vya unga vyenye nyama na mchuzi ndani, ule mkahawa ambao watu hupanga foleni mpaka barabarani. Lilikuwa wazo la Ming-tse, yule mdogo, mumewe Hui-ju. Alisema mkahawa uko katikati ya nyumba zao mbili, na tena mama asionekane anapokezanwa kwenye ngazi za treni kama kifurushi. Waliwekeana na sheria: anayemaliza zamu ndiye anayelipa. Akishalipa, sanduku linahama mkono. Hawakuiandika popote, lakini waliishika kuliko nyingi zilizoandikwa.

Bibi, Ming-tse na Hui-ju walikaa dakika hamsini ukumbini chini, namba mkononi, macho kwenye kioo kinachotangaza namba. Mkubwa, Jung-fa, alifika wameshaitwa, mkewe Pi-yun nyuma yake, na kwenye mkono wa Jung-fa inaning'inia helmeti ya pikipiki.

Bibi Kiok aliitazama ile helmeti. Siku zote Jung-fa huja na gari, huliegesha chini ya jengo, hulalamikia bei ya maegesho kuanzia supu mpaka chai. Watu wawili juu ya pikipiki, sanduku unalifunga wapi? Na mama unampakata?

"Mama, umependeza," alisema Pi-yun. "Umenenepa kidogo."

"Nimevimba miguu."

"Basi ndiyo hiyo inakupendezesha."

Mezani juu, Hui-ju alikamata penseli na kuweka alama kwenye karatasi ya vyakula: vikapu vitatu vya vifuko, maboga ya kukaanga na vitunguu saumu, wali wa mayai mmoja wa kugawana. Nyuma ya kioo kikubwa, vijana waliovaa barakoa nyeupe walikuwa wanakunja unga, mikunjo kumi na minane kwa kila kifuko, kila kimoja kikipita kwenye mizani. Vikapu vya mianzi vikaletwa vimepandana, mhudumu akavifunua, mvuke ukapanda katikati ya ndugu wawili wasioonana usoni.

Hui-ju akavuta kijiko cha mama mkwe wake, akakitoboa kifuko kwa ncha ya kijiti. Mchuzi wote ukakimbilia kwenye kisahani.

"Ni moto, Mama, utaungua."

Mchuzi ndio unaofuatwa pale. Bibi Kiok alitafuna ngozi na nyama, akasema ahsante.

Walikula wakisubiriana. Aliyeanza ni Pi-yun, na alianza kwa mbali, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Na hilo sanduku mmelileta la nini?"

Ming-tse akaweka vijiti chini. "Shemeji, leo si tarehe moja?"

"Tarehe moja ya mwezi gani?"

"Mwezi mpya. Wa sita umeisha jana."

"Umeisha, ukaanza tena," alidakia Jung-fa. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Akatoa simu, akakuza kalenda kwa vidole viwili. "Soma hapa. Mwezi wa sita, nyongeza. Mjomba aliandika nini? Witiri mimi, shufwa wewe. Sita ni shufwa. Hata ukiirudia mara kumi ni shufwa."

"Mjomba alikusudia zamu, kaka. Mwezi kwako, mwezi kwangu."

"Mbona hakuandika zamu? Mzee yule alikuwa mwalimu, maneno anayajua. Angetaka kuandika zamu angeandika zamu."

"Kwa hiyo mimi nikae naye siku hamsini na tisa mfululizo?"

"Kalenda sikuitunga mimi."

"Na mwezi wa nyongeza ungekuwa wa saba, ungemchukua wewe miezi miwili?"

"Ningemchukua."

"Ungemchukua!" Ming-tse akamgeukia mkewe. "Umesikia? Angemchukua. Bahati mbaya haukuwa wa saba."

"Punguza sauti," alisema Hui-ju, "watu wanakula."

Bibi Kiok alikuwa katikati yao, akikisukuma kipande kimoja cha boga kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule. Alitaka mmoja tu, yeyote kati yao, anyanyue lile sanduku. Hakujali kama ni kwa witiri au kwa shufwa. Lilikuwa limeegemea mguu wake, na kila mhudumu aliyepita alilikwepa na kuomba radhi.

*

Pengine wangeelewana. Watu wa damu moja hugombana mpaka chai inapopoa, kisha mmoja anachoka. Lakini simu ya Pi-yun, iliyokuwa imelala kifudifudi karibu na siki, ilitetemeka, naye kwa mazoea akaigeuza. Kwenye kioo kulikuwa na kitoto kichanga, chekundu, ngumi mbili zimefungwa karibu na masikio.

Bibi Kiok alikuwa na presha na miguu mibovu, lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Mtoto wa nani huyo?"

Pi-yun akaificha simu mapajani, akaona ameshachelewa, akairudisha. "Wa Kai-lun, Mama."

Kai-lun ni mtoto wa kwanza wa Jung-fa. Bibi Kiok ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akaanza shule.

"Mke wa Kai-lun amejifungua?"

"Leo siku ya tisa. Wa kiume. Tulitaka tukushtukize, Mama, siku ya karamu yake ya kutimiza mwezi."

"Siku ya tisa," alirudia Bibi. Akaitazama ile picha mpaka kioo kikazima chenyewe. "Na mzazi anakaa wapi mwezi wake wa kupumzika?"

"Kwetu. Vituo vya kutunzia wazazi siku hizi vinaua kwa bei."

"Chumba gani?"

Jung-fa akajimiminia chai ambayo kikombe hakikuihitaji.

"Chumba gani, Pi-yun?"

"Kile chenye kiyoyozi, Mama. Mzazi na joto hili, unajua mwenyewe."

Chenye kiyoyozi ni kimoja tu. Ni chake.

"Kumbe!" Hui-ju aligonga meza kwa kiganja, polepole, kama mtu aliyepata karata. "Kumbe habari si witiri. Mmeshampangisha mtu kitanda, ndipo mkaenda kufungua kalenda. Dada Pi-yun, ungesema tu. Mbona tungeelewa?"

"Mngeelewa mkafanyaje?"

"Tungeelewa."

"Mngemweka Mama?"

Hui-ju akaanza kuvipanga vijiti vyake sambamba, na Pi-yun hakuwa mtu wa kupoteza upenyo. "Eti Ming-tse, mngemweka?"

"Kesho mafundi wanaingia," alisema Ming-tse akitazama kikapu. "Kuvunja bafu, na chumba cha Mama pia, bomba linapita chini yake. Tukisubiri mwezi wa saba, mwezi wa mizimu, nani atashika nyundo? Unajua wewe mafundi walivyo. Nafasi ilikuwa mwezi huu tu. Tulijua kaka atakuwa naye."

"Mlijua."

"Kama ninyi mlivyojua."

Bibi Kiok akalikumbuka godoro lililosimamishwa ukutani. Asubuhi alidhani linaanikwa.

*

Kwa watu wao, bili haiachwi ilale mezani. Atakayeiachia mwenzake ataitwa bahili mpaka kwenye harusi za wajukuu. Wajanja huinuka kabla chai haijaisha, wakasema wanakwenda msalani, wakakata kona kwenda kulipa. Kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui.

"Naenda msalani," alisema Ming-tse, akainuka.

Jung-fa akamwangalia akipita mimea ya kwenye vyungu. Choo kilikuwa kushoto. Ming-tse akakata kulia. Jung-fa akaruka, kiti kikagonga ukuta, akamfuata mbio na helmeti mkononi.

Bibi Kiok aliwaona vizuri kutoka alipokaa. Ming-tse alikuwa ameshanyoosha kadi, binti wa kaunta ameshanyoosha mkono, Jung-fa akaukamata ule mkono wa mdogo wake kwenye kifundo. Wakavutana. Helmeti ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya rafu ya vikombe vya kuuza.

"Usipokee ya huyu!" Jung-fa alikuwa akimwambia binti. "Pokea yangu!"

"Mimi ndiye niliyemaliza zamu! Nipokee mimi!"

"Hajamaliza! Huyu hajamaliza!"

Binti wa kaunta alikuwa anacheka, kiganja mdomoni. Kila siku anaona wanaume wakipigania kulipa, ingawa labda si wenye mvi kiasi hiki. Wateja wa meza za karibu nao walikuwa wanatabasamu. Mama mmoja aliyekaa na mumewe meza ya pili alimwinamia Bibi Kiok.

"Wanao hao, Bibi?"

"Wanangu."

"Una baraka. Wa kwangu bili ikija wote wanahesabu taa za dari."

"Eh," alisema Bibi Kiok. "Hawa wanapigania."

"Umewalea."

"Nimewalea."

Pi-yun na Hui-ju walikuwa wameinamia vikombe vyao, masikio yamewaiva wote wawili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukubaliana jambo.

*

Msimamizi aliwarudisha mezani kwa heshima zote, akawaletea bili kwenye kisahani na kusema hapana haraka, huku macho yake yanatazama ngazi zilizojaa watu. Jung-fa shati lilikuwa limemtoka kwenye suruali. Ming-tse alikuwa anasugua kifundo cha mkono.

"Haya, tuongee kama watu," alisema Pi-yun. "Aibu tumeshaipata. Tuugawe huu mwezi. Nusu kwetu, nusu kwenu."

"Na mafundi?" alisema Hui-ju.

"Na mzazi? Mama atalala kochini sebuleni kwetu. Kwenu atalala kwenye vumbi. Wote tumeumia."

Hui-ju akafikiri. "Una siku ngapi huu mwezi?"

Jung-fa akatazama simu. "Ishirini na tisa."

"Kumi na nne, kumi na nne."

"Inabaki moja."

Wakaitazama ile moja. Unaweza kudhani ilikuwa imekaa pale katikati, ndani ya kikapu, kama kifuko cha mwisho ambacho kila mtu ana adabu ya kutokigusa.

"Siku moja kitu gani," alisema Ming-tse.

"Kama si kitu, ichukue," alisema Jung-fa.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe si ulikuwa na haraka ya kulipa?"

"Igawanywe," alisema Hui-ju. "Mchana kwenu, usiku kwetu. Au kinyume chake."

"Mchana tutauchukua sisi," alisema Pi-yun upesi.

"Mbona mbio hivyo? Usiku ndio kazi. Anaamka mara tatu kwenda haja, kila mara lazima mtu awashe taa ya koridoni. Mwezi mzima sijalala mimi."

"Mara tatu? Kwetu ni mbili."

"Hesabu vizuri, dada. Ni tatu."

"Mbili. Labda ninyi mnampa supu jioni."

Bibi Kiok alisikiliza safari zake za chooni zikipigiwa hesabu mbele ya mabaki ya wali. Katika mwezi mzima uliopita alikuwa akiamka kwa kunyata, mkono ukutani, taa hajawasha mwenyewe wala hajamwita mtu. Alidhani hawajui.

"Hiyo moja," alisema, "nipeni mimi."

Wote wanne wakamgeukia. Ming-tse akacheka kidogo, cheko la kukata aibu.

"Mama naye."

"Imekosa mwenyewe, sivyo? Nitaichukua. Na naichukua leo. Hizo kumi na nne zenu zianze kesho, mjue wenyewe nani wa kwanza."

"Sasa leo utakwenda wapi, Mama?" aliuliza Jung-fa.

"Siku zenu mnanipeleka mnakotaka, siwaulizi."

Akainuka. Ilimchukua muda, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, na hakuna aliyejua kama kumshika kiwiko kutahesabiwa kuwa ni kumchukua. Akavuta mpini wa sanduku. Yule mama wa meza ya pili alimpisha kwa tabasamu, akamwambia atembee taratibu na amshukuru Mungu kwa wanawe.

"Mama, utusubiri chini basi," alisema Ming-tse, nusu ameinuka. "Tunamaliza hapa."

"Mwache," alisikia Pi-yun akinong'ona. "Na sanduku lile hafiki mbali. Tumalize kwanza. Kesho anaanzia kwa nani?"

Bili ilikuwa bado iko kwenye kisahani. Milango ya lifti ikafunga.

*

Ukumbi wa chini ulikuwa umejaa kuliko asubuhi. Bibi Kiok alipata nafasi kwenye benchi kati ya wanafunzi wawili waliokuwa wakigawana visikilizio vya muziki na baba aliyebeba mtoto usingizini. Akaliweka sanduku katikati ya magoti. Kila lifti ilipolia aligeuza shingo. Walitoka watalii. Walitoka wafanyakazi wa ofisi wakichokonoa meno nyuma ya kiganja. Alitoka mume wa yule mama wa meza ya pili, kisha yule mama mwenyewe, ambaye hakumtambua.

Alifikiria bustani, lakini mchana huu wa jua kali wenzake wote wako majumbani. Alifikiria kaburi la kaka yake. Ni mabasi mawili na ngazi nyingi, na angemwambia nini? Kwamba umesahau mwezi mmoja? Alifikiria kumpigia Kai-lun ampe heri ya mtoto, akakumbuka kwamba, kwa wanavyotaka wao, habari hiyo yeye haijui bado.

Lifti ikalia tena. Wapishi wawili, zamu yao imekwisha.

Binti wa mapokezi, mwenye kifaa cha sikioni na kishikwambi mkononi, alikuwa akipita benchi kwa benchi kuhakikisha kila aliyekaa ana namba, maana benchi hizo ni za wateja. Akamfikia, akainama mpaka nyuso zao zikalingana, kama walivyofundishwa kuwafanyia wazee.

"Bibi, mko wangapi?"

Bibi Kiok akatazama lifti. Taa yake ilikuwa kwenye ghorofa ya juu, haishuki.

"Mmoja."

Binti akagusa kishikwambi, na kimashine cha kiunoni kikatoa kikaratasi chenye namba. Binti akakichana kwa makini, akampa kwa mikono miwili.

"Leo tuna watu wengi, Bibi, uniwie radhi. Utasubiri kama saa moja na nusu hivi. Unaweza?"

"Hamna shida, mwanangu," alisema Bibi Kiok, akakikunja kikaratasi na kukitia kifuani. "Nina siku nzima."